Mwanafunzi wa Bango

Asubuhi moja niliamka nikiwa fundi bomba msaidizi. Ilipofika saa saba mchana, nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu.

Sikufanya mtihani. Sikujaza fomu. Nilikuwa nimeenda kuzibua choo.

Naomba niwasimulie taratibu, maana hata mimi mwenyewe ilinichukua muda kuelewa.

Chuo kile nilikijua kuanzia chini. Kila koki, kila chemba, kila choo chenye tabia mbaya, vyote nilivijua. Darasani tu ndiko sikuwahi kukaa. Mara mbili nilifanya mtihani wa kuingia, mara mbili nikaanguka, na mara zote mbili mama yangu alikuwa ameshawatangazia majirani.

Mama ni mshonaji. Ana mdomo mwepesi kuliko cherehani yake.

Mara ya tatu sikuthubutu. Nikaomba kazi kwa fundi mkuu, mzee mmoja tuliyemwita Spana, nikaingia chuoni kwa mlango wa nyuma nikiwa na ovaroli.

Sasa, mle chuoni kulikuwa na watu wa kila rangi. Ukisimama langoni utafikiri dunia nzima imetumwa pale kwa mkupuo. Ila ukiingia bwaloni saa ya chakula, dunia inarudi kila mtu kwao.

Wazungu walikaa dirishani. Wahindi walikaa karibu na birika la chai. Wachina walikuwa na pembe yao yenye soketi za kuchajia simu. Waarabu walikaa chini ya feni. Sisi weusi tulikuwa karibu na mlango wa jikoni, penye kelele, lakini chakula kinatufikia kingali cha moto.

Hakuna aliyewaamuru. Hawakuwa na ugomvi. Siku moja kijana wa mwaka wa kwanza alikosea akakaa meza isiyo yake, na wenye meza wakamkaribisha kwa upole kabisa, halafu wakamuuliza kama amepotea.

Ndipo ikaja habari ya tuzo.

Kamati moja ya vyuo ilikuwa inatafuta chuo ambacho wanafunzi wake wanachanganyika vizuri kuliko vyote. Mshauri wa wanafunzi, mama mmoja mwenye haraka za kudumu, aliitaka tuzo ile kuliko alivyotaka kulala. Akaagiza litengenezwe bango kubwa la kuwekwa langoni: wanafunzi wanne, rangi nne, meza moja, wanacheka.

Mpiga picha akaja. Akapita bwaloni akiomba mtu mmoja kutoka kila meza.

Kwa wazungu akaambiwa arudi baadaye. Kwa Wahindi, kila mmoja alimwonyesha mwenzake. Kwa Wachina walimuuliza watakaa na nani, alipowaambia wakasema wana kipindi. Kwetu weusi, dada mmoja alisema nywele zake hazijakaa sawa, na ni kweli hazikuwa zimekaa sawa. Chakula kikaisha, bwalo likabaki tupu, na mpiga picha hana hata mtu mmoja.

Mimi nilitokea kwenye korido nikiwa na mpira wangu wa kuzibulia choo.

"Wewe," akasema. "Rangi yako ndiyo imebaki."

Kabla sijauliza imebaki wapi, alishaninyang'anya ule mpira, akanivalisha sweta juu ya ovaroli na kunishikisha kitabu kizito cha uchumi. Mezani walikuwepo watatu: dada mmoja mzungu mwenye miwani, kaka mmoja Mhindi, na dada mmoja Mchina aliyevaa koti jeupe. Nikajisemea, hawa ndio wasomi wenyewe. Nikaficha kucha zangu chini ya meza.

Mpiga picha alitwambia tucheke. Tukaonyesha meno kama watu waliokwenda kung'olewa. Akatwambia tucheke kama watu tunaofahamiana, ikawa mbaya zaidi. Tukanyamaza wote, tunaona aibu.

Katika ukimya ule tumbo la yule kaka wa Kihindi likanguruma. Lilinguruma muda mrefu, na mwishoni likapanda juu kidogo, utadhani linauliza swali.

Dada wa koti jeupe akalijibu: "Bado kidogo."

Tulicheka mpaka mimi nikaegemea bega la mtu nisiyemjua. Picha ikapigwa. Nikarudishiwa mpira wangu, nikaenda kumaliza choo.

Wiki mbili baadaye bango likapanda langoni, refu kuliko nyumba yetu. Chini yake waliandika kuwa hivi ndivyo wanafunzi wetu wanavyoishi.

Siku hiyo hiyo mama alikuwa amekwenda kununua uzi.

Jioni nilimkuta amekaa mbele ya cherehani bila kushona. Aliniangalia sana, halafu akaniuliza kwa sauti ya taratibu, "Baba, kumbe siku hizi unasoma?"

Hapo ndipo ningesema kweli. Maneno yalikuwa mepesi tu: mama, walikosa mtu. Lakini niliuona uso wake, nikakumbuka zile mara mbili alizorudi kwa majirani kufuta matangazo, na moyo ukanishinda.

Nikasema, "Ndiyo mama. Nilitaka kukushtukiza."

"Unasoma nini?"

"Uhandisi."

Akatikisa kichwa polepole, akarudi kwenye cherehani yake. Usiku ule nililala vibaya.

Kesho yake mshauri wa wanafunzi akaniita ofisini, akafunga mlango na dirisha. Kamati ilikuwa imelipenda bango. Mwenyekiti wa kamati angekuja baada ya wiki sita, na alisema hataki hotuba, anataka kula na wale wanne.

"Wewe ni mwanafunzi mpaka mgeni aondoke," akaniambia. "Na wale wenzako watatu usiwaambie kitu. Wale ni wanafunzi wa kweli, usinitie aibu mbele yao."

Nikamkumbusha kuwa nina bomba la ghorofa ya pili linalovuja. Akasema bomba litasubiri. Kila Alhamisi saa sita tungekula meza ya katikati ya bwalo, wanne, ili tuzoeane na watu watuzoee.

Alhamisi ya kwanza nilitoka jasho kama niko kwenye mtihani wenyewe. Tukaulizana masomo. Mzungu alisema sheria. Mhindi alisema fizikia. Mchina alisema udaktari, na koti lake jeupe likamtetea. Mimi nikasema uhandisi wa maji, halafu nikajaza mdomo chakula ili nisiulizwe la pili.

Basi tukabaki na majina hayo: Sheria, Fizikia, Daktari na Uhandisi.

Ajabu ni kwamba hakuna aliyependa kuzungumzia masomo. Nikafikiri ndivyo wasomi walivyo, wanyenyekevu. Tulizungumzia wazazi wanaotuuliza tutaoa au kuolewa lini, viatu vinavyobana, wenye nyumba wasiotengeneza paa. Mama yake Fizikia naye alikuwa na mdomo mwepesi. Baba yake Daktari alikuwa hasemi kabisa, akikasirika anafagia.

Na walikuwa na akili, nyie. Daktari alibonyeza mkate wa bwaloni kwa kidole gumba mara moja, akasema huu ni wa juzi na aliyeukanda alikuwa na haraka. Nikajisemea, kama anaujua mkate hivi, je, mgonjwa. Fizikia kila akiingia kwenye lifti alifumba macho akaisikiliza, halafu akaguna. Nikajua ni kanuni za mwendo zile. Sheria naye siku moja alimwona profesa anahangaika kuegesha gari, akamwomba funguo, akalirudisha kinyumenyume kwenye upenyo ambao hata baiskeli ingefikiria mara mbili. Nikasema kweli sheria inanyoosha mtu.

Meza za pembeni zilitutazama tu. Hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyeuliza sisi ni wa darasa gani. Kila meza ilidhani tunajulikana na meza nyingine.

Nyumbani mambo yalikuwa mazito. Mama alianza kuniuliza maswali. Leo mmefundishwa nini? Mwalimu wenu anavaaje? Hiyo hesabu ya maji inaanzaje? Mimi najibu, naongeza, nasahau nilichojibu juzi. Siku moja akaniuliza jina la rafiki yangu wa karibu pale chuoni, nikasema Fizikia. Akasema ni jina zuri.

Halafu akanishonea shati jeupe la kuvaa siku ya mgeni. Alinipima mabega. Nilisimama pale nikiwa nimeinua mikono kama mwizi aliyekamatwa.

Nilichoogopa si kufukuzwa kazi. Niliogopa mama arudi kwa majirani mara ya tatu.

Kadi za mwaliko kwa wazazi zikaandikwa. Fizikia akasema wake wamesafiri. Sheria akasema wake ni wagonjwa. Daktari akasema wake hawapendi hotuba, ingawa hotuba haikuwepo. Yangu niliificha kwenye sanduku la spana. Nilidhani nimemaliza, kumbe mshauri alikuwa na namba ya mama kwenye faili langu la kazi.

Siku yenyewe ikafika. Mgeni mkuu alikuwa mama wa makamo mwenye fimbo ya kutembelea, mtulivu, anayesikiliza mpaka mwisho. Na nyuma yake, amevaa nguo yake ya harusi za watu, akishuka kwenye teksi, alikuwa mama yangu mzazi.

Nikaangalia njia ya kutokea.

Bwalo liko ghorofa ya tatu. Mshauri akawaingiza mgeni na mama yangu kwenye lifti, akaingia naye, akatwambia sisi vijana tupande ngazi. Milango ikafungwa. Kitu cha mwisho nilichokiona ni mama akinipungia mkono.

Tulipofika ghorofa ya pili nilisikia sauti ninayoijua.

Lile bomba. Spana alikuwa ameniambia mara tatu nibadilishe kiungo, na kila Alhamisi niliyopanga kubadilisha nilikuwa bwaloni nakula na wasomi. Nililifunga kwa kipande cha mpira, nikamwachia Mungu. Sasa mpira ulikuwa umekata tamaa. Maji yalikuwa yanaruka ukutani, yanatiririka koridoni, yanaingia kwenye upenyo wa mlango wa lifti.

Ndani ya ukuta kitu kikalia kwa nguvu mara moja, kisha kimya. Lifti ilikuwa imesimama kati ya ghorofa mbili.

Tukasikia sauti ya mshauri kutoka ndani, mbali, akimwambia mgeni kuwa hii huwa haitokei.

Fizikia alikuwa ameshabadilika rangi. Akasema lifti ile haiguswi mpaka maji yakatike. Wote wakaniangalia, maana mimi ndiye uhandisi wa maji. Wanafunzi nao walikuwa wameanza kutoka bwaloni, wanajazana kwenye ngazi juu yetu na simu zao.

Nikafikiria kukimbia, sikatai. Lakini mama yangu alikuwa mle ndani, anaogopa sehemu finyu tangu zamani.

"Jamani," nikasema, "mimi si mwanafunzi. Mimi ni fundi bomba wa hapa, na bomba hili nililifunga mwenyewe kwa mpira."

Maji yakaendelea kumwagika. Fizikia akaingiza mkono ndani ya koti lake la suti akatoa ufunguo wa pembe tatu, ule wa kufungulia milango ya lifti.

"Afadhali," akasema. "Mimi ni fundi lifti. Siku ya picha nilikuja kuitia grisi hii hii. Mshauri aliniambia nyinyi ndio wanafunzi wa kweli."

Daktari akaanza kukunja mikono ya koti lake jeupe. "Mimi naoka mikate," akasema. "Ya bwaloni ni ya mshindani wangu. Nilikuja kuomba zabuni."

Tukageuka kumtafuta Sheria, tukamkuta anashuka ngazi mbili mbili.

"Gari langu la maji taka liko nyuma ya jengo," akasema bila kusimama. "Nipeni dakika tano, nitanyonya hilo shimo la lifti likauke."

Hakukuwa na muda wa kushangaa. Nilikimbilia koki kuu, ambayo naijua hata nikiwa nimefumba macho. Ilikuwa imeshika kutu, nikaning'inia nayo mpaka ikakubali. Fizikia akazima umeme wa lifti, akapanda na Daktari kwenye chumba cha mtambo juu kabisa. Yeye akaachia breki kidogo kidogo, na Daktari akazungusha lile gurudumu la mkono, mikono iliyokanda unga tangu utoto. Huko chini gari la Sheria likawa linanguruma, na harufu yake ikapanda ngazi kututembelea.

Lifti ikasogea juu. Nusu mita, ikatulia, nusu mita tena. Wakashuka wote wawili, Fizikia akafungua mlango kwa ufunguo wake.

Wa kwanza kutoka alikuwa mshauri, akitabasamu kwa nguvu. Mgeni akafuata na fimbo yake. Mama akatoka wa mwisho, amelishika bomba la kujishikia mpaka dakika ya mwisho. Mimi nilikuwa nimesimama pale, nimelowa chapachapa ndani ya shati lake jeupe, spana mkononi.

Mgeni akatutazama wote wanne, pamoja na Sheria aliyekuwa amepanda akiwa na mabuti ya mpira hadi magotini. Akatuuliza tunasoma nini.

Mshauri akafungua mdomo. Daktari akamtangulia.

"Mikate," akasema.

Tukasema kila mmoja yake, kazi baada ya kazi. Mgeni alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia mshauri akamuuliza kama kwenye lile bango kuna chochote cha chuo hiki.

Mshauri akafikiri. "Vitabu," akasema. "Vitabu walivyoshika ni vya hapa."

Ngazi nzima ililipuka kwa kicheko.

Nikainua macho. Wanafunzi walikuwa wamejazana pale bila kujali nani ni nani. Mzungu amemwegemea Mhindi ili aone vizuri, yule dada wa nywele amemshika mkono Mchina asiteleze, Mwarabu mmoja anawatafsiria wa nyuma wasiosikia. Siku hiyo walichanganyika kwelikweli, na kilichowachanganya ni kutucheka sisi. Mpiga picha, aliyekuwa ameletwa kwa ajili yetu, akatupa mgongo na kuanza kuwapiga picha wao.

Mimi sikuwa na habari nao. Nilimsogelea mama.

"Mama, nisamehe," nikasema. "Nilikudanganya."

Akanyoosha mkono, akalikamua shati langu kwenye kifua, akaukagua mshono.

"Limehimili maji," akasema. Halafu akashusha sauti. "Baba, pale langoni, chini ya sweta, kuna kipande cha kola ya bluu kimechungulia. Kola ya ovaroli yako. Niliishona mimi kwa uzi wa kahawia kwa sababu wa bluu uliniishia. Ulidhani sitaijua kazi ya mkono wangu?"

Nikahesabu. Wiki sita. Maswali yote yale, hesabu ya maji, mwalimu anavaaje.

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe useme. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yako ilikuwa ndefu mno, nikaanza kuchoka."

"Na leo umekuja kufanya nini?"

Akawatazama wale watatu. Daktari alikuwa anapepea mikono yake iliyochubuka, Sheria anamfungia kitambaa, na tumbo la Fizikia lilikuwa linanguruma tena.

"Nimekuja kuwaona rafiki zako," akasema. "Vitabu na sweta mtu anaweza kuazimwa. Kicheko kile hakuna aliyekuazima."

Hapo nililia. Nilikuwa nimelowa tayari, haikuonekana sana.

Tuzo hatukupata, kama mlikuwa mnasubiri. Mshauri alipewa onyo, na mimi pia, langu likiwa na maneno ya Spana mwenyewe ambayo hayaandikiki hapa. Bango lilishushwa, likapandishwa jipya, lenye picha ya wale wanafunzi kwenye ngazi. Sisi wanne hatumo. Bwaloni wengi walirudi kwenye meza zao kesho yake, ila yule dada wa nywele na yule Mchina huwa nawaona meza ya katikati, wakibishana kuhusu vile viti vyetu nani atakaa wapi.

Sisi Alhamisi tunakula karakana, juu ya meza ya Spana. Mkate anauleta Daktari. Majina hatujabadilisha.

Bango la zamani mama aliliomba. Amelikata, akalishonea pindo, akalitundika juu ya cherehani kuzuia jua. Wateja wakiinua macho wanakuta watu wanne wanacheka, na wengine humuuliza kama mwanawe alisoma kile chuo.

"Hapana," huwajibu, bila kuinua mguu kwenye kanyagio. "Ni fundi bomba wao."

Siku ya kwanza kumsikia akisema hivyo, alisema kwa sauti kubwa, majirani wote wasikie.

Ninachowaachia ni hiki. Ukitaka watu wakae meza moja, usiwaite kupiga picha. Vunja bomba, kisha waombe msaada. Na kama una uongo nyumbani, utoe mapema, maana mama yako huenda ndiye aliyeishona hiyo kola.